Kabla Hujanunua Mashine ya Kahawa, Jua Ilitengenezewa Nani

Ukifungua simu wiki hii lazima utaiona ile video. Kaunta safi, msee amevaa fulana nyeupe, mashine ya chuma inang'aa kama matatu mpya. Anabonyeza kitufe kimoja, kahawa inateremka polepole, povu juu, muziki wa taratibu nyuma. Na wewe uko kwa keja yako na birika la stima na kikombe kimoja kilichokatika mkono, unaanza kupiga hesabu ya akiba.

Swali lenyewe si baya: ninunue mashine gani ya kahawa ya nyumbani? Shida ni vile tunalijibu. Tunaanza na bei, tunaenda kwa rangi, tunamalizia na vile itaonekana kwa picha. Mimi nasema tuanze na historia. Kila mashine unayoiona dukani ni jibu la shida ya mtu fulani, mahali fulani, mwaka fulani. Ukijua hiyo shida ilikuwa ya nani, utajua haraka kama na yako ni hiyo hiyo. Usipojua, utalipa doo nyingi kwa jibu la swali ambalo hukuuliza.

Twende polepole.

Tulikuwa na mashine kitambo

Kuna wasee wa rika letu wanaamini kahawa iliingia Kenya na mikahawa ya mall. Zii. Hata hilo neno "mkahawa" limebeba kahawa ndani yake, na "kahawa" tumelipata kutoka Kiarabu, qahwa, tukalitumia Pwani kabla Nairobi haijakuwa mji. Mmea asili yake ni Ethiopia. Kinywaji kilishika kasi Yemen karne ya 15, ambako Masufi walikunywa ili wakeshe kwa ibada. Kutoka Yemen kuja Lamu na Mombasa ni safari ya jahazi na pepo za msimu. Tulikuwa majirani.

Ukienda Mombasa leo jioni utampata muuza kahawa na dele lake la shaba: mdomo mrefu, makaa chini, vikombe vidogo visivyo na mkono ambavyo anavigonganisha mkononi ndio ujue amefika. Kahawa ni chungu, saa zingine ina tangawizi, na kando kuna kashata. Sasa liangalie hilo dele kama fundi. Makaa yanaiweka kahawa ikiwa moto saa nyingi. Makapi yanazama chini, kahawa safi inatoka kwa mdomo. Limetengenezwa kwa mtu anayehudumia baraza nzima huku akitembea. Halina waya, halina kitufe, na kazi inafanyika.

Kwa hivyo tukisema "mashine," tusifikirie stima peke yake. Mashine ya kahawa ni kifaa chochote kinachokutanisha maji moto na kahawa iliyosagwa, halafu kinavitenganisha. Hizo ndizo kazi mbili. Mengine yote ni namna ya kuzifanya.

Mama wa Dresden na karatasi ya shule

Mwaka 1908, mji wa Dresden, Ujerumani. Mama mmoja anaitwa Melitta Bentz amechoka. Kahawa ya nyumbani wakati huo ilichemshwa pamoja na unga wake, ukinywa unatafuna makapi, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa chungu. Akachukua chombo cha shaba nyeupe, akakitoboa chini kwa msumari, akang'oa karatasi ya kufyonza wino kutoka kwa daftari la kijana wake, akaiweka ndani. Akaweka kahawa, akamwaga maji moto juu. Kikombe kikatoka safi.

Alisajili ubunifu wake mwaka huo huo na kuanzisha kampuni nyumbani, na mwaka 1909 kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig waliuza zaidi ya vifaa 1,000. Ile koni ya plastiki au ya udongo unayoiona kwa mikahawa ya kisasa, ambapo barista anamwaga maji kwa mduara kama anafanya maombi, ni mjukuu wa ile sufuria iliyotobolewa kwa msumari.

Swali la Melitta lilikuwa: nitapataje kahawa safi jikoni kwangu, bila fundi? Mpaka leo chujio na karatasi ndiyo njia ya bei ya chini zaidi ya kupata kikombe safi.

Upande wa Ufaransa na Italia walikuwa na jibu lingine: acha kahawa iloweke kabisa, halafu isukume chini kwa wavu. Wafaransa wawili, Mayer na Delforge, walisajili wazo hilo mwaka 1852, na Mwitaliano Attilio Calimani akalisajili kwa umbo tunalolijua mwaka 1929. Ndiyo ile presi ya kioo. Kahawa yake ni nzito kwa sababu mafuta yote na vumbi kidogo la kahawa vinapita kwa wavu. Ni kifaa cha meza yenye wageni: unatengeneza vikombe vinne mara moja, unaongea.

Mashine ya watu wenye haraka

Sasa tufike kwa ile ya video. Espreso.

Mwaka 1884, Turin, mtu anaitwa Angelo Moriondo alisajili mashine ya mvuke ya kutengeneza kahawa nyingi kwa haraka. Mwaka 1901, Luigi Bezzera wa Milan akasajili yake, ambayo ilitoa kikombe kimoja kimoja kwa kila mteja. Desiderio Pavoni akanunua haki hizo akaanza kuziuza. Shida yao ilikuwa moja: mteja yuko kwa kaunta, amesimama, ana haraka, na foleni ni ndefu. Biashara inapoteza pesa kila dakika kahawa inapochelewa.

Hizo za kwanza zilisukumwa na mvuke, na presha yake ilikuwa ndogo. Kahawa ilitoka haraka, lakini ilikuwa na ladha ya kuungua. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Achille Gaggia wa Milan akaleta mashine ya mkono wa chuma na springi, ikasukuma maji kwa presha kubwa zaidi, na hapo ndipo lile povu la rangi ya dhahabu likazaliwa. Mwaka 1961 kampuni ya Faema ikatoa mashine ya E61, ambayo pampu ya stima ilifanya kazi ya mkono wa barista: bari 9, bila kuchoka, siku nzima.

Bari 9 ni kitu gani? Tairi la gari dogo lina presha ya bari 2 na kidogo. Kwa hivyo ni kama mara nne ya hiyo, inapita ndani ya kijisahani cha kahawa kwa nusu dakika hivi.

Angalia vizuri: katika hadithi hii yote hakuna mtu aliyekuwa anafikiria keja yako. Walikuwa wanafikiria foleni. Mashine za espreso za nyumbani zilikuja baadaye, kama ile ndogo ya mkono ya La Pavoni mwaka 1961 na Gaggia Baby mwaka 1977. Zote zinajaribu kubana mkahawa mzima kwa kona ya jikoni. Ndiyo maana ni ghali, na ndiyo maana zile za bei ya chini mara nyingi zinakuvunja moyo. Presha, joto na usagaji lazima vikubaliane. Kimoja kikikataa, unapata maji machungu yenye povu.

Na usidanganywe na boksi lililoandikwa "bari 15" au "bari 20". Hiyo ni nguvu ya mwisho ya pampu. Espreso yenyewe inataka kama 9. Ni kama kununua Probox kwa sababu spidomita yake inafika 180.

Moka, na kitu ambacho hatuambiwi

Mwaka 1933 huko Crusinallo, kaskazini mwa Italia, fundi wa alumini anaitwa Alfonso Bialetti alileta moka: birika la pembe nane, maji chini, kahawa katikati, kahawa iliyo tayari juu. Unaiweka kwa moto, mvuke unasukuma maji kupitia kahawa, inaanza kunguruma, imeiva. Presha yake ni bari 1 hadi 2 tu, kwa hivyo si espreso, lakini ni kali kuliko chujio. Swali lake lilikuwa: nitapataje kitu kinachokaribia kahawa ya mkahawa bila kulipia mkahawa?

Sasa skiza hii. Wakati huo Italia ilitawaliwa na Mafashisti wa Mussolini, ambao waliisifu alumini kama chuma cha taifa. Oktoba 1935, miaka miwili baada ya moka kuzaliwa, jeshi la Italia likavamia Ethiopia. Ndiyo, Ethiopia hiyo hiyo ambako kahawa ilitoka. Ligi ya Mataifa ikaiwekea Italia vikwazo, serikali ikasukuma watu watumie vitu vya nyumbani pekee, na kahawa, ambayo haimei Italia, ikawa adimu. Nchi iliyotengeneza birika maarufu la kahawa ya nyumbani iliivamia nchi mama ya kahawa, halafu ikakosa cha kuweka kwa birika.

Moka ilikuja kulipuka baada ya vita, wakati kijana wa Bialetti, Renato, alipoitangaza kila mahali mpaka ikaingia karibu kila jikoni la Italia. Renato alifariki mwaka 2016, na majivu yake yaliwekwa ndani ya moka kubwa. Hiyo ni kupenda kazi.

Na kwetu je? Kwa nini sisi ni kijiko na kopo?

Hapa ndipo naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo hii stori inatugusa.

Kwa nyumba nyingi za Kenya, mashine ya kahawa ni kijiko. Unachota kutoka kwa kopo, maji moto, maziwa, umemaliza. Hiyo kahawa ya kuyeyuka nayo ina historia. Baada ya bei kuanguka mwaka 1929, Brazil ilikuwa na kahawa nyingi hadi ikakosa pa kuipeleka. Kampuni ya Nestlé ya Uswisi ikaombwa itafute njia ya kuihifadhi. Mkemia wao, Max Morgenthaler, akafanya kazi hiyo miaka kadhaa, na mwaka 1938 Nescafé ikaingia sokoni. Lile kopo lilianza kama jibu la shida ya maghala ya Brazil.

Lakini sisi tunalima kahawa. Tena si kahawa ya mchezo. Nairobi hadi Kirinyaga si mbali. Mbona tunywe ya kopo?

Wamisionari wa Kikatoliki kutoka Ufaransa walipanda kahawa Bura, Taita, mwaka 1893. Baada ya muda mfupi ilikuwa imefika karibu na Nairobi, na walowezi wakaifanya zao la kuwatajirisha. Mwafrika je? Alizuiwa. Kulikuwa na leseni na sheria, na kwa miongo kadhaa mkulima Mwafrika hakuruhusiwa kupanda kahawa ya arabika kwa shamba lake. Sababu iliyotolewa hadharani ilikuwa magonjwa ya mimea na wizi wa kahawa. Sababu ambayo kila mtu aliijua ilikuwa nyingine: Mwafrika akiwa na kahawa yake, nani atachuma ya mlowezi?

Na usifikirie ilikuwa lazima iwe hivyo. Ng'ambo ya mpaka, miteremko ya Kilimanjaro, Wachaga walikuwa wanalima kahawa yao na wakaanzisha chama chao cha wakulima mwaka 1925. Mlima ni ule ule tunaouona kutoka Loitokitok. Tofauti ilikuwa sheria.

Huku kwetu, majaribio madogo yaliruhusiwa miaka ya 1930 katika Meru, Embu na Kisii, kwa masharti makali. Mlango ulifunguliwa vizuri baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni ikitaka kuwatuliza watu kwa ardhi na mazao ya biashara. Wakati huo huo maabara za Scott hapa Kenya zilikuwa zimeshatoa aina ya SL28 na SL34. Mpaka leo wataalamu wa kahawa duniani wakitaja hizo herufi wanafumba macho kidogo.

Kwa hivyo angalia mpangilio. Kwanza hukuruhusiwa kulima. Halafu ukaruhusiwa kulima, lakini mfumo wote, kuanzia faktori ya kuosha hadi mnada wa Nairobi, ulikuwa umejengwa kupeleka kahawa nzuri nje: Ujerumani, Marekani, Ubelgiji, Sweden. Hakuna mahali kwa huo mpangilio ambapo mtu aliuliza: na huyu anayechuma, atakunywa nini? Guka na cucu walijua uzito wa debe la kahawa mgongoni. Ladha yake kwa kikombe, wengi wao hawakuijua. Kwao jioni ilikuwa chai.

Halafu ikaja 1989. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukidhibiti kiasi cha kahawa sokoni ukavunjika, bei ikaporomoka. Msimu wa 1987/88 Kenya ilikuwa imezalisha zaidi ya tani 120,000. Siku hizi hatufikii hata nusu ya hiyo. Sehemu za Kiambu na Ruiru ambako leo kuna fleti za ghorofa nane zilikuwa mashamba ya kahawa. Huenda hata keja unayoishi imesimama palipokuwa na mti wa SL28.

Sisemi usinywe ya kopo. Nasema ujue kwa nini ndiyo iliyokaa kwa rafu yenu miaka yote hiyo.

Kitufe kimoja

Turudi kwa mashine, zimebaki aina tatu.

Ya kwanza ni ile ya stima inayodondosha kahawa ndani ya jagi la kioo. Wajerumani waliuza moja iitwayo Wigomat kuanzia mwaka 1954, halafu mwaka 1972 Marekani ikapata Mr. Coffee, kazi ya Vincent Marotta na Samuel Glazer wa Cleveland. Swali lake: familia nzima inatoka asubuhi, nani ana muda wa kusimama na birika? Ni Melitta amewekewa waya. Nzuri kwa nyumba ya watu wengi au ofisi. Ubaya wake ni kile kisahani cha moto chini ya jagi. Kahawa ikikaa pale nusu saa, inaungua.

Na kama shangazi aliye Marekani amesema atakutumia moja, soma kibandiko nyuma yake kwanza. Kule stima ni volti 120, hapa ni 240. Ukiichomeka moja kwa moja, utasikia harufu, na haitakuwa ya kahawa.

Ya pili ni ya kapsuli. Eric Favre, mhandisi wa Nestlé, alisajili wazo hilo mwaka 1976, na Nespresso ikaanza kuuzwa mwaka 1986. Mwanzoni walilenga ofisi, halikushika sana. Waliposukuma kwa nyumba za watu wenye pesa, likashika. Hapa kuna maswali mawili kwa mashine moja. Lako: nitapataje kitu kama espreso bila kujifunza chochote? La kampuni: nitamuuziaje huyu mtu kahawa kila wiki maisha yake yote? Ndiyo maana mashine yenyewe inaweza kuwa ya bei ya kuvutia. Hesabu iko kwa kapsuli. Kapsuli moja ya aina hiyo huwa na kama gramu 5 za kahawa. Pakiti ya kawaida ya gramu 250 ina kahawa ya kapsuli 50 hivi. Kabla ya kununua, tafuta bei ya kapsuli 50, uilinganishe na pakiti moja nzuri ya Nyeri. Nitakungoja.

Halafu kuna takataka. Mwaka 2016 jiji la Hamburg liliacha kununua kapsuli kwa pesa za umma kwa ofisi zake. John Sylvan, aliyebuni kapsuli za K-Cup za Marekani, aliambia jarida la The Atlantic mwaka 2015 kwamba saa zingine anajuta kuzitengeneza. Hamburg wana mifumo ya kuchakata taka. Sisi tuna Dandora.

Ya tatu ni AeroPress. Mwaka 2005, Alan Adler, mhandisi wa California aliyejulikana kwa kutengeneza kisahani cha kurusha kinachoitwa Aerobie, aliuza bomba la plastiki linalofanana na sindano kubwa ya daktari. Swali lake lilikuwa dogo na la kweli: niko peke yangu, nataka kikombe kimoja, kizuri, sasa hivi. Unaweka kahawa, maji, unakoroga, unasukuma kwa mkono. Dakika mbili. Haina waya, haivunjiki kirahisi, inaoshwa kwa sekunde.

Sasa wewe swali lako ni gani?

Kama unaishi peke yako kwa bedsita, stima ni ya token na kaunta ni juu ya friji, shida yako inafanana na ya Adler au ya Melitta. Chukua AeroPress, au koni ya chujio. Stima ikipotea, gesi inachemsha maji na maisha yanaendelea.

Kama nyumbani kwenu lazima kahawa iwe na maziwa (na tuseme ukweli, ni wengi), chukua moka. Kahawa yake ni kali, haimezwi na maziwa. Angalizo mbili: moka ndogo inaweza kuyumba juu ya vyuma vya jiko la gesi, kwa hivyo pima kwanza. Na ile ya alumini haifanyi kazi kwa jiko la induksheni.

Kama wageni hawaishi, presi ya kioo. Kama mko watu watano na wote mnatoka saa kumi na mbili asubuhi, ile ya jagi.

Espreso je? Inunue kama unapenda ufundi wenyewe. Kama utafurahia kupima gramu 18, kusaga, kukosea, kurekebisha, Jumamosi nzima. Hiyo ni hobi halali kabisa. Lakini weka pesa ya kisagio kando kabla hujaangalia mashine, na uulize muuzaji maswali mawili: nani anaitengeneza hapa Kenya, na wosha zake za mpira nazipata wapi? Akianza kuangalia juu, ondoka. Na kama mnatumia maji ya kisima, ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika utakaa pia ndani ya mashine, na huko hautauona.

Kapsuli ni ya mtu ambaye muda wake ni ghali kweli kuliko pesa zake. Kama ni wewe, sawa. Ni vizuri tu kuwa na uhakika.

Mambo mengine matatu ambayo hayako kwa boksi lolote.

Moja, kisagio. Kahawa ikishasagwa, harufu yake inaanza kutoroka. Kisagio cha mkono na koni ya bei rahisi vitakupa kikombe kizuri kuliko mashine ghali yenye unga uliosagwa miezi mitatu iliyopita.

Mbili, soma pakiti. Tafuta tarehe ya kukaangwa. Na usitishwe na "AA". Hizo herufi zinaeleza ukubwa wa punje. Ladha ni stori nyingine. AB nzuri inaweza kuipiga AA ya kawaida vizuri sana.

Tatu, na hii ni zawadi ya jiografia. Kahawa inapenda maji ya kama nyuzi 92 hadi 96. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na huku maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Watu wa London wananunua birika za kupima joto ili wapate kile ambacho birika lako la kawaida linakupa bure ukiwa Umoja. Watu wa Mombasa, nyinyi maji yenu yanafika 100. Ngojeni nusu dakika halafu mmwage.

Ethiopia hunywa karibu nusu ya kahawa yake. Bei ikianguka huko nje, mkulima wao bado ana soko nyumbani. Sisi hunywa sehemu ndogo sana ya yetu, kwa hivyo bei ikishikwa na homa ng'ambo, mkulima wa Kirinyaga ndiye hukohoa. Kikombe chako kimoja hakitabadilisha hiyo hesabu. Vikombe vya mji mzima vinaweza kuibadilisha kidogo, na kwa hilo hatuhitaji kila mtu awe na chuma kinachong'aa kwa kaunta.

Kwa hivyo kama una elfu kumi, usitafute mashine ya elfu kumi. Tafuta koni au moka, kisagio cha mkono, na pakiti ya kahawa ya hapa iliyokaangwa mwezi huu. Chenji itakayobaki, iweke ya pakiti ya pili.